Mhandisi wa umeme: anachokokotoa na njia ya kuifikia kazi hiyo

Fundi hufunga, hupima na hukarabati. Mhandisi wa umeme ndiye anayekokotoa, anayechagua vifaa na kutia saini kwamba mtambo utakuwa salama hata siku ya hitilafu. Masharti yote ya taaluma hii yanatokana na saini hiyo.

Chukua mota ya pampu ya kilowati 30, umeme wa fezi tatu wa volti 400, iliyo mita 150 kutoka kwenye bodi ya kugawa umeme. Kwa pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi halisi) ya 0.85 na ufanisi wa asilimia 92, inavuta ampea 55 hivi. Kebo ya shaba ya milimita 10 za mraba iliyofungwa ukutani huweza kubeba mkondo huo bila kupata joto la kupita kiasi, na asiye makini huishia hapo. Kumbe kwa urefu huo volti 27 hivi hupotea njiani, karibu asilimia 7, ilhali kikomo kinachopendekezwa mara nyingi ni 5. Mota ikiwashwa kwa kuunganishwa moja kwa moja na umeme kamili huvuta mara 5 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida, hivyo volti zaidi hupotea njiani, na nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volteji: volteji ikibaki asilimia 80, nguvu hubaki 64. Pampu yenye mzigo huweza kushindwa kuanza na koili za mota zikaungua. Kebo ya milimita 16 za mraba hupunguza upotevu hadi volti 17 hivi. Bado lazima ahakikishe kwamba hitilafu ya kwenda ardhini, yaani umeme unapovuja kwenda ardhini, itafanya kifaa cha kinga kikate umeme kwa wakati, hata mwisho wa kebo hiyo ndefu.

Ndiyo maana hisabati na fizikia hazikwepeki tangu sekondari. Namba changamano, zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, ndiyo lugha ya umeme wa mkondo geu (AC). Asiyezielewa atakariri fomula tu. Shahada huchukua miaka 4 au 5 katika nchi nyingi. Kabla ya kujiunga, uliza kama programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na bodi ya wahandisi. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 huwezesha nchi wanachama kutambuliana shahada za uhandisi, jambo muhimu kwa anayetaka kufanya kazi ugenini.

Baada ya shahada huja miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Hapa wengi huzembea: hawatunzi kumbukumbu. Andika kila kazi, hesabu uliyofanya na uamuzi uliotoa, kisha msimamizi atie saini mapema. Bodi itataka ushahidi huo.

Usalama hauna njia ya mkato. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, kisha hakikisha hakuna umeme. Jaribu kipimo chako kwenye chanzo kinachojulikana kuwa hai, kabla na baada ya kupima, maana kipimo kibovu nacho husoma sifuri.