Fani Nyingi kwa Mtu Mmoja: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mtu anayeshona, anayefinyanga na kuchora huambiwa mapema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo ina hekima yake pale mambo mawili yanapogombania saa ile ile, lakini imegeuzwa kuwa hukumu juu ya kila mwenye fani zaidi ya moja, na hilo si haki.

Dhana yenye nguvu zaidi ni kwamba ubingwa hudai saa 10,000 za mazoezi katika jambo moja, hivyo anayegawa muda wake hatafika. Hesabu hiyo inatokana na utafiti wa mwaka 1993 wa mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin, kisha ikaenezwa na kitabu cha mwandishi Malcolm Gladwell mwaka 2008. Katika utafiti wenyewe, saa hizo zilikuwa wastani wa makadirio ya wanafunzi bora walipofikia umri wa miaka 20, si kizingiti ambacho kila bingwa lazima akivuke, na Ericsson mwenyewe aliipinga tafsiri hiyo. Mwaka 2014, mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake walijumlisha tafiti nyingi wakakuta kwamba mazoezi ya makusudi, yaani yaliyopangwa ili kuboresha uwezo, yalieleza takriban asilimia 21 ya tofauti za uwezo katika muziki. Mazoezi hayana mbadala; hata hivyo, anayetaka kufuma shuka nzuri ya nyumbani kwake hapaswi kutishwa kwa kipimo cha wapiga fidla wa majukwaa makubwa.

Wengine hudai kwamba wingi wa fani huzifanya zote kuwa hafifu. William Morris wa Uingereza (1834–1896) alibuni karatasi za ukutani na vitambaa, alitunga mashairi, alifuma, na mwaka 1891 akaanzisha kiwanda cha uchapaji cha Kelmscott Press. Katika miaka ya 1870 alikwenda katika mji wa Leek, Uingereza, kujifunza utiaji rangi kwa mtia rangi Thomas Wardle, akitumbukiza mikono yake mwenyewe katika mapipa ya nili. Alizama katika fani moja hadi aielewe, kisha akaipeleka kazini pamoja na zile alizozijua tayari, na huo ndio mwenendo ninaouona kuwa wa kuigwa.

Wapenzi wa fani nyingi nao wana kosa lao, nalo ni kuamini kwamba kila ujuzi huinua kila ujuzi mwingine. Tangu mwaka 1901, wanasaikolojia Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba ujuzi huhamia pale tu kazi mbili zinaposhiriki vipengele vilevile. Anayejua kuchora hunufaika anapodarizi au kuchonga, kwa kuwa uwiano na umbo ni vilevile. Lakini wepesi wa kuweka udongo katikati ya gurudumu la mfinyanzi hausaidii sana mkono unaoshika sindano. Kwa hiyo anayechagua fani zinazopakana hupata faida kubwa kuliko anayechagua zilizo mbali, ingawa hizo za mbali zina furaha yake, na furaha ni sababu tosha ya kujifunza.

Ama kuhusu kazi zisizokamilika, Leonardo da Vinci aliacha mchoro wake wa kuabudu kwa Mamajusi, alioagizwa mwaka 1481, bila kuumaliza. Waliouagiza walikuwa na haki ya kulalamika. Mwenye fani nyingi anaweza kuacha nusu kile alichokianza kwa ajili ya kujifunza, lakini alichoahidi kwa mteja anapaswa kukimaliza kabla ya kugusa kipya.