Kupandikiza mafuta usoni: yajue haya kabla hujakubali

Wengi wanaokuja kwetu kuulizia kurudisha ujana wa uso huvuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni na kusema, "Nataka hapa pakazwe." Mara nyingi tatizo si ngozi peke yake. Umri unavyosonga, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya uso hupungua, hasa kwenye panja, chini ya macho na mashavuni. Mifupa ya uso nayo hupungua. Ngozi ikikosa cha kuishikilia, huteremka na kukunjamana, na ukiikaza bila kujaza palipobonyea, uso huonekana umevutwa tu. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji rekebishi huchota mafuta ya mgonjwa mwenyewe, tumboni au mapajani, na kuyapandikiza usoni.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1893 daktari Mjerumani, Gustav Neuber, alihamisha vipande vidogo vya mafuta kutoka mkononi ili kuinua kovu lililobonyea karibu na jicho. Utaratibu unaofuatwa na wengi leo ulienea miaka ya 1990 kutokana na kazi ya Sydney Coleman wa New York, aliyesisitiza mafuta yachotwe kwa upole, yasafishwe na yarudishwe kidogo kidogo.

Huko kurudisha kidogo kidogo ndiko kunakoamua matokeo. Seli ya mafuta iliyotolewa mahali pake haina tena mshipa wa kuiletea damu. Siku za mwanzo huishi kwa oksijeni na lishe inayopenya kutoka kwenye nyama inayoizunguka, na upenyaji huo hauvuki milimita moja au mbili. Baadaye mishipa mipya huota na kuifikia. Daktari akimwaga donge kubwa mahali pamoja, seli za katikati hufa kabla damu haijafika, na mgonjwa hubaki na kivimbe cha mafuta au donge gumu chini ya ngozi.

Kwa hiyo kazi huenda taratibu. Mgonjwa huchomwa ganzi, kisha mafuta huvutwa kwa bomba jembamba. Bomba la sindano lenye mafuta hayo likisimamishwa wima, au likizungushwa kwenye mashine, utaona matabaka matatu: juu mafuta ya majimaji yaliyotoka kwenye seli zilizopasuka, chini damu na maji ya ganzi, katikati seli nzima zenye rangi ya manjano. Hizo za katikati ndizo zinazopandikizwa, kwa bomba lenye ncha butu, uzi mwembamba baada ya mwingine, katika kina tofauti tofauti chini ya ngozi.

Usijipime kwenye kioo wiki ya kwanza. Uso huvimba na kuvilia damu, na ujazo unaouona si wa kudumu. Sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili, pengine nusu au zaidi, na kiasi hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu. Matokeo hutulia baada ya miezi 3 hadi 6, na wengine huhitaji kurudia. Yaliyoshika hubaki miaka mingi, lakini seli hizo hazisahau zilikotoka: ukinenepa sana, nazo hunenepa papo hapo shavuni. Uvutaji sigara hupunguza uwezekano wa kushika, na dawa za kuzuia damu kuganda lazima zitajwe kwa daktari mapema. Usiziache kwa uamuzi wako.

Nasisitiza jambo moja, kwa sababu watu hudhani kitu kinachotoka mwilini mwao hakiwezi kuwadhuru. Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu usoni, hasa kati ya nyusi, puani au kwenye paji la uso, yanaweza kusafiri hadi jichoni au kwenye ubongo na kuleta upofu au kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini jicho lililopofuka hivyo mara chache huona tena. Zaidi ya hayo, vijazio vya asidi ya hayaluroniki, yaani jeli inayodungwa usoni kujaza palipobonyea, vina dawa ya kuviyeyusha, mafuta hayana. Kwa hiyo muulize daktari wako amesomea upasuaji gani, anatumia sindano kali au bomba butu, na dharura ikitokea utapelekwa wapi. Ukipata maumivu makali ya jicho, kuona giza, ngozi kupauka ghafla, kuishiwa nguvu upande mmoja au ulimi kuwa mzito, wakati wa tiba au baada yake, nenda hospitali papo hapo, usisubiri kesho yake.