Kisima cha Upali

Kila nikifundisha Ubuddha, wanafunzi hukimbilia metta, ule upendo usiochagua, wa kumtakia heri kila kiumbe. Fundisho zuri, silibezi. Ila kumtakia mtu heri ukiwa umeketi mkekani, macho umefumba, hakugharimu kitu. Kwa habari ya kuishi na watu wa dini nyingine, mimi naanza na Upali.

Upali alikuwa tajiri wa Nalanda, India, mfadhili mkubwa wa watawa wa Nigantha Nataputta, ambaye Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya India, humwita Mahavira, mwalimu wao mkuu. Kisa chake kimo katika Majjhima Nikaya, mkusanyiko wa mafundisho ya Buddha. Alimwendea Buddha ili wabishane: kati ya tendo la mwili na nia ya moyoni, lipi hasa linalomtia mtu hatiani? Buddha alishikilia nia. Hoja zikamwelemea Upali, akaomba apokewe kuwa mfuasi.

Aliyewahi kusimama kwenye mihadhara yetu ya dini anajua kinachofuata mpinzani akishindwa: uwanja mzima hulipuka. Upali naye alilitarajia hilo. Alisema walimu wengine wangempata yeye wangezunguka na bendera Nalanda yote. Buddha alikuwa amemwambia achunguze kwanza, kwani mtu anayejulikana kama yeye yampasa apime vizuri. Kisha akaongeza neno ambalo huwa nalisoma mara mbili darasani: nyumba yako imekuwa kisima kwa watawa hao kwa muda mrefu, basi wakija, waendelee kupewa chakula.

Watawa hao hawakuwa na mshahara wala shamba. Waliishi kwa kile walichopewa milangoni. Kumvuta tajiri wao ilikuwa sawa na kuwafungia jiko. Dana, yaani utoaji, hapo inavuka mpaka wa kundi. (Nisifiche: kisa hiki kimetunzwa na Wabuddha, na mwisho wake Nataputta anatapika damu kwa uchungu. Hata maandiko yenye hekima yana vijembe vyake.)

Fadhila ya pili ni kuchunga ulimi, na shahidi wangu ni Ashoka, mfalme Mbuddha wa India, karne ya 3 KK. Kwenye mwamba aliandikisha kwamba katika vita vyake vya kuiteka nchi ya Kalinga watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na kwamba anajutia. Tangazo lake la 12 linahusu dini tu. Anasema mzizi wa kustawi kwa dini zote ni vachaguti, kuyachunga maneno: usiisifu yako na kuitweza ya mwenzio pasipo sababu, na sababu ikiwapo, iwe kwa kiasi. Anayeitukuza dini yake kwa kuzikashifu nyingine, asema Ashoka, anaiumiza hiyo hiyo ya kwake. Naye alitenda: kule Barabar, Bihar, aliwapa Waajivika, watawa wa kundi jingine la dini, mapango yaliyochongwa, na hao hawakuwa Wabuddha.

Mtu ataniuliza: na Myanmar, nchi yenye Wabuddha wengi, je? Swali la haki. Tangu Agosti 2017 Warohingya, Waislamu wa huko, zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh, na miaka kabla ya hapo wapo watawa waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu hadharani. Sitawatetea. Kanzu ya zafarani haimzuii mtu kuwa na ulimi mchafu.

Na ulimi mchafu ukitoka upande wa pili? Digha Nikaya, mkusanyiko mwingine wa mafundisho ya Buddha, inafungua na mtu aitwaye Suppiya, aliyemfuata Buddha njia nzima kutoka Rajagaha kuelekea Nalanda akimkashifu. Mwanafunzi wa Suppiya mwenyewe, Brahmadatta, anamsifu Buddha, wakibishana hivyo hivyo njiani. Jioni wote walilala katika nyumba moja ya wageni. Asubuhi watawa walipokuwa wakilizungumza, Buddha akawauliza: mkikasirika, mtajuaje kama asemayo ni kweli au si kweli? Lisilo kweli mlieleze kuwa si kweli, na mseme kwa nini. Na Brahmadatta akinisifu, msivimbe vichwa pia.