Kwa nini msitu wa Kilimanjaro unashuka wakati joto linapanda?

Je, wajua kwamba mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro umeshuka kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970, katika kipindi hicho hicho ambacho hali ya hewa imezidi kuwa ya joto? Wengi hutarajia kinyume chake. Shuleni tunafundishwa kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama 6, na kwamba juu kabisa kuna mahali ambapo mti hauwezi tena kuvumilia baridi. Basi dunia ikipata joto, mahali hapo pasogee juu na miti ipande mlima. Katika sehemu nyingi za milima ya Alps na ya Skandinavia, huko Ulaya, ndivyo inavyotokea: miche inaota leo palipokuwa na nyasi tupu.

Kosa liko katika kudhani kwamba baridi ndiyo inayoamua mwisho wa msitu kila mahali. Pasipo na kikwazo kingine, baridi huikomesha miti pale ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua ni kama nyuzi 6. Kwa Kilimanjaro, kiwango hicho kiko karibu na mita 4,000, na si kwa hesabu za karatasini tu. Katika mabonde yenye unyevu, ambako moto haukupenya, bado kuna mabaki ya miti ya erika yanayokaribia kimo hicho. Lakini anayepanda kwa njia ya Marangu hutoka msituni muda mfupi baada ya kuvuka kambi ya Mandara, iliyo mita 2,720. Kutoka hapo hadi Horombo, mita 3,720, anatembea kati ya vichaka na nyasi. Sehemu kubwa ya mteremko huo ina joto la kutosha mti kuishi, ila mti haupo.

Aliyeliweka wazi jambo hili ni Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa. Alilinganisha picha za satelaiti za 1976 na 2000, na mwaka 2005 akachapisha matokeo: moto ulikuwa umefuta zaidi ya kilometa za mraba 100 za msitu, hasa wa ukanda wa juu. Aliandika pia kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kutoweka kwa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huu. Ulimwengu mzima unaililia barafu. Msitu unaungua, na habari yake husahaulika moshi ukiisha.

Mti wenyewe unaukabilije moto? Hapa ndipo erika inapostahili heshima. Ni mti wenye majani membamba mafupi kama sindano, na ukikauka unashika moto upesi. Moto ukipita, shina na matawi hufa, lakini chini ya udongo kuna kifundo kinene cha mzizi chenye machipukizi yaliyolala. Udongo ni kizuizi kizuri cha joto, kwa hiyo kifundo hicho hunusurika na baada ya muda hutoa vichipukizi vipya. Mti wa podo hauna uwezo kama huo. Ndiyo maana baada ya moto wa kwanza, palipokuwa na msitu mchanganyiko huibuka msitu wa erika karibu mtupu, wenye miti ya mita 10 hivi ukipewa muda.

Shida ni muda. Moto ukirudi kabla miti haijakua, kinachorudi ni kichaka kisichozidi sana kimo cha mtu. Ukirudi tena na tena, akiba ya kifundo inaisha, na mahali pa kichaka panashikwa na nyasi za mashuke na vijimea vya majani ya kijivu. Nyasi hizo hukauka kila kiangazi na kuandaa moto unaofuata. Msitu haukuamua kushuka. Unakatwa kutoka juu, moto baada ya moto.

Joto linaingiaje? Mteremko wa kusini hupata mvua nyingi zaidi kwenye mita 2,200 hivi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kuanzia hapo, kadiri unavyopanda mvua inapungua, hadi kileleni ambako haifiki milimita 200. Ukanda wa juu wa msitu kwa hiyo unaishi karibu na ukavu siku zote. Kiangazi kikirefuka kidogo tu, na hewa ikawa ya moto na kavu zaidi, majani ambayo zamani yangezimika yenyewe sasa yanawaka.

Na ukanda huo wa juu ndio unaochota maji ambayo hayaingii kwenye kipimo cha kawaida cha mvua. Fikiria mtu anayetembea alfajiri kwenye ukungu amevaa sweta la sufu. Mvua hainyeshi, lakini akifika aendako sweta limejaa matone madogo kwenye kila unywele wa sufu. Matone ya ukungu ni mepesi mno kuanguka yenyewe. Hupeperushwa na upepo mpaka yaguse kitu, na kitu chembamba chenye nyuzi nyingi huyanasa kuliko kitu kipana na laini. Angevaa koti la mvua la plastiki, sehemu kubwa ya ukungu ingepita pembeni. Erika ya mita 10 ina mamilioni ya majani membamba, na juu yake kuvumwani, zile nyuzinyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini. Wingu likipita, matone huungana, huwa mazito, hudondoka. Ardhi chini ya mti inalowa wakati njia iliyo wazi pembeni ni kavu. Kichaka cha mita moja kinanasa kidogo, nyasi kidogo zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya wingu inapita juu yake.

Maji hayo ni sehemu ya yale yanayoingia kwenye mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, mabomba ya Moshi na mto Pangani wenye mabwawa yake ya umeme. Barafu haichangii sana: mwaka 1912 ilikuwa kama kilometa za mraba 12, kufikia 2011 haikufika 2, na nyingi yake haikuyeyuka kuwa maji bali iligeuka mvuke moja kwa moja.

Ni lazima kutenganisha mambo mawili hapa. Ukavu huufanya moto uenee. Mwenye kuuwasha kwa kawaida ni mtu. Kugawa lawama kati ya hali ya hewa na kiberiti ni kazi ngumu, na watafiti hawakubaliani kwa kila tarakimu. Moto wa Oktoba 2020 ulianza eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na kuunguza kama kilometa za mraba 95. Taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Oktoba 2022 ukazuka mwingine, karibu na kambi ya Karanga.

Kuna pia warina asali. Anayetumia kienge, yaani fungu la majani makavu yanayowaka, anaweza kuacha cheche chini ya mzinga na kuondoka. Anayetumia bomba la moshi hubaki na moto wake ndani ya kopo.