ORA-12154: mwacheni lisena apumzike

Ujumbe ni uleule kila mara: “Oracle imekufa, inatoa ORA-12154, washeni upya lisena.” Oracle ni mfumo wa hifadhidata, na lisena (listener) ni programu yake ya kwenye seva inayopokea wanaotaka kuingia. Oracle haijafa. Aliyeandika hivyo hajasoma kosa lenyewe.

Dhana: ORA-12154 ni tatizo la seva

Kosa hili hutokea pale klayenti (programu ya Oracle kwenye kompyuta ya mtumiaji) inapopewa jina la hifadhidata, tuseme MAUZO, ikalitafuta isilipate. Bado haijui iende mashine gani wala porti ipi, kwa hiyo lisena haina habari kwamba kuna mtu alitaka kuingia. Ni kulaumu simu ya mwenzio haipatikani na wewe hata namba yake hujaipata.

Kuwasha upya lisena hapa huleta hasara. Ikiamka, haijui huduma yoyote isipokuwa zilizoandikwa kwenye faili lake la mipangilio, listener.ora, mpaka hifadhidata ijisajili tena. Hiyo huweza kuchukua kama sekunde 60, na ndani ya muda huo watu wasio na shida yoyote wanaanza kupata ORA-12514 (lisena haiijui huduma uliyoomba). Ukishalikoroga, toa amri ya ALTER SYSTEM REGISTER, usikae kusubiri.

Kazi inaanzia kwenye kompyuta ya mtumiaji, kwa amri inayolitafuta jina na kubisha hodi kwa lisena: `tnsping MAUZO`. Wengi wanakimbilia mstari wa mwisho. Tazama juu, palipoandikwa “Used parameter files”: hapo utaona sqlnet.ora (faili la mipangilio ya klayenti) inayosomwa iko folda gani, na mara nyingi siyo folda uliyokuwa unahariri. Kompyuta yenye klayenti mbili, ya biti 32 na ya biti 64, ina folda mbili za network/admin, na kila programu inasoma ya kwake. Elekeza kigezo cha mazingira TNS_ADMIN kwenye folda moja, kisha funga programu na kuifungua tena, maana iliyokwisha kuwaka haitayaona mabadiliko hayo.

Kama folda ndiyo, kagua haya. Notepad huweza kuhifadhi tnsnames.ora, faili la majina, kama tnsnames.ora.txt huku Windows ikificha hiyo .txt. Bano lisilofungwa kwenye jina la juu humeza jina lililo chini yake, hivyo usiangalie mistari ya MAUZO peke yake. Kwenye sqlnet.ora, NAMES.DEFAULT_DOMAIN ikiwa world, klayenti inatafuta MAUZO.world. Na NAMES.DIRECTORY_PATH isipotaja TNSNAMES, faili lako halifunguliwi kabisa.

Kuna na hili linalosahaulika: nenosiri lenye @. Ukiandika `sqlplus juma/Pwani@77@MAUZO`, jina linalotafutwa ni 77@MAUZO. Andika `sqlplus juma@MAUZO` na uache iulize nenosiri yenyewe. Ni salama zaidi pia, kwani nenosiri halibaki kwenye historia ya amri.

Ukitaka kumaliza ubishi, ruka tnsnames.ora: `sqlplus juma@//10.0.0.5:1521/mauzo`, kwa anwani na huduma yako. Ikiingia, seva haina kosa, rudi kwenye tnsnames.ora.

Dhana: tnsping ikisema OK, mambo yamekwisha

tnsping hubisha hodi kwa lisena tu. Haiulizi huduma, wala haijaribu kuingia. SERVICE_NAME (jina la huduma) ikiwa imekosewa bado utapata OK, halafu ORA-12514 unapoingia. Kwenye seva toa `lsnrctl services` na unakili jina la huduma kama lilivyo, pamoja na domeni yake ikiwepo.

Dhana: SID na SERVICE_NAME ni kitu kimoja

Sivyo, hasa tangu toleo la 12c. Kila PDB (hifadhidata ndogo ndani ya hifadhidata kubwa, CDB) ina huduma yake, ila SID ni jina la instansi nzima (Oracle inayoendesha hifadhidata kwenye seva) na inakupeleka kwenye mzizi wa CDB. Mtumiaji wa ndani ya PDB hajulikani huko, basi anapata ORA-01017 (jina au nenosiri si sahihi) na kudhani nenosiri limebadilishwa.

Dhana: makosa yote ya TNS (mawasiliano ya mtandao ya Oracle) yana dawa moja

ORA-12541 ndiyo ya kwenda nayo kwenye seva: mashine imepatikana, lakini hakuna anayesikiliza porti hiyo. Tazama `lsnrctl status`, kisha /etc/hosts. Jina la seva likielekezwa 127.0.0.1, lisena inaweza kuwa macho kabisa ila inawasikia wa ndani tu. ORA-12170 ni muda umekwisha bila jibu: mwone mtu wa fayawoli, na umtajie porti 1521 na anwani za pande zote mbili.