Kambale wadogo, mchanga wa pwani na joto la Tanga

Kambale wa kwetu, yule anayevuliwa mabwawani na mitoni, hafai kuwekwa katika tangi la kioo sebuleni, kwa kuwa anaweza kukua kupita mita moja na humeza samaki yeyote anayeenea kinywani mwake. Wanaofaa ni jamaa zake wa mbali waitwao Corydoras, wenye asili ya Amerika Kusini, ambao wengi wao hawazidi sentimita 7. Mmoja wao, Corydoras pygmaeus, huishia kwenye sentimita 2.5 hivi. Ule msemo wa kambale, kwamba mkubwa ana ndevu na mdogo ana ndevu, unawahusu hawa pia, na ndevu ndizo ninazozitazama kwanza ninapoitwa kukagua tangi la mtu hapa Tanga.

Samaki huyu hutafuta riziki yake chini. Hupapasa kwa ndevu, huzamisha pua mchangani, kisha huutoa mchanga kupitia matamvua baada ya kuchambua chakula. Changarawe yenye makali humkwaruza, na mabaki ya chakula yakioza chini, vidonda hushika uchafu na ndevu hufupika mpaka vikabaki vishina. Anahitaji mchanga laini, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoponzwa na ukaribu wa bahari. Mimi mwenyewe nilianza na mchanga wa ufukweni Raskazone, nikauosha mara tatu, nikadhani nimemaliza kazi. Chumvi huondoka kwa kuosha, lakini vipande vya makombe na matumbawe hubaki, huyeyuka polepole, na kuyafanya maji kuwa magumu (yenye madini mengi ya chokaa) huku pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikipanda. Siku hizi natumia mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa hadi maji yatoke meupe, na kabla ya kuutia tangini naudondoshea siki: ukitoa povu, narudisha kwa fundi wa ujenzi.

Kupanda kwa pH kungekuwa jambo dogo kama si amonia itokanayo na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Amonia huwa na sura mbili majini, na kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi inavyogeuka kuwa ile yenye sumu kali. Joto tunalo tayari: wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya tangi hufika nyuzi 29 au 30 bila kupashwa na kitu. Kwa hiyo tangi lipewe wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wapate kuota, kabla ya kununua kundi la samaki wasiopungua sita, maana mmoja peke yake hujificha tu.

Joto hilohilo huamua aina ya kununua. Corydoras paleatus, ambaye huuzwa sana, hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 23, na kumleta Tanga ni kumwonea. Namshauri mteja amchukue Corydoras sterbai, anayestahimili nyuzi 24 hadi 28, na hata huyo awekewe feni ndogo ya kupuliza juu ya maji mchana wa kaskazi.

Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Corydoras hujisaidia kwa kupanda juu mara mojamoja, kugugumia hewa na kuipitisha utumboni, ambako oksijeni hufyonzwa. Jambo hilo ni la kawaida na halipaswi kumtisha mwenye tangi. Wakipanda wote mfululizo, hasa umeme ulipokatika na pampu ya hewa ikanyamaza, nabadilisha robo ya maji kwa yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Na tangi silijazi hadi kwenye kifuniko. Naacha sentimita 4 au 5 ili wapate hewa ya kumeza.