Je, wajua kwa nini safari ya mtu mmoja ilipunguza imani ya watu wa England kwa serikali yao?

Mwezi Mei 2020 Waingereza waligundua kuwa Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Waziri Mkuu Boris Johnson, alikuwa ameendesha gari kutoka London hadi Durham, kilomita 400 na ushei, wakati serikali yake ikiwaamuru watu wasitoke nyumbani. Mkewe alikuwa na dalili za ugonjwa, naye alihofia mtoto wao wa miaka minne angekosa wa kumlea. Hofu hiyo naielewa. Ila wazazi wengi mno walikuwa nayo, na wakatulia majumbani mwao. Tarehe 25 Mei alijitokeza mbele ya wanahabari akasema hajutii alichofanya. Johnson akamtetea.

Wakati huo watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walikuwa wameshaanza kuwauliza maelfu ya watu wanaiamini serikali yao kiasi gani katika kupambana na korona. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet Agosti 2020. Huko England, imani ilianza kuporomoka tangu Mei 22, siku habari ile ilipotoka. Scotland na Wales haikuporomoka hivyo, ingawa virusi ni vilevile na habari waliisoma pia. Tofauti ni kwamba wao wana serikali zao zinazoshughulikia afya, na Cummings hakuwa mtu wa serikali hizo.

Hapo ndipo penye jibu. Hakuna polisi wa kutosha kusimama kwenye kila mlango. Amri ya namna hii hushikwa na mwananchi mwenyewe, anayekubali kumzika mamaye bila ndugu kwa kuwa anaamini kila mtu amebeba mzigo uleule. Jirani akikiuka, tunasema amekosea. Aliyetunga amri akikiuka, tunaanza kujiuliza: kumbe hatari si kubwa kama alivyotuambia? Au anajua ni kubwa, lakini mzigo ametuachia sisi? Swali lolote kati ya hayo mawili linatosha kumfanya mtu achoke kutii.

Kenya tuliyaona yetu. Julai 2020, Seneta Johnson Sakaja, mwenyekiti wa kamati ya Seneti kuhusu korona, alikamatwa kwa kuvunja kafyu. Tofauti na Cummings, alikiri kosa, akaomba radhi na kuachia uenyekiti, na hilo ni lake la kusifiwa. Mahakama ikamtoza faini ya shilingi 15,000.

Kilichowachoma watu ni kumbukumbu ya waliotangulia kukutana na polisi. Mwanzoni mwa Juni, mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilikuwa imeshapokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na polisi waliokuwa wakisimamia kafyu. Waliokufa hawakupata nafasi ya kufikishwa kortini wala kutozwa faini. Na siku ya kwanza kabisa, Machi 27, wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni, Mombasa, ili wawahi kufika makwao, walirushiwa vitoa machozi na kupigwa virungu. Kafyu ilikuwa ianze saa moja jioni. Walipigwa ikiwa imebaki zaidi ya saa mbili.